Kumpokea mtoto mwenye kipaji: roho nzuri ao hesabu?

Wandugu, hapa Goma kupokea mtoto aliyekimbia vita si jambo geni. Lakini kama anajua mpira, majirani wanaanza kuuliza: ni huruma ao ni franga?

Nia haionekani, karatasi inaonekana. Marekani, familia ya Tuohy ilimpokea Michael Oher, na filamu ya 2009 ikawasifu. Mwaka 2023 Oher akaenda mahakamani: karatasi ya 2004 haikumfanya mtoto wao, iliwapa mamlaka juu ya mikataba yake. Familia ilikana kumtumia. Mahakama ikaivunja ile karatasi.

Kwa mpira, FIFA inagawia timu zilizomlea mchezaji hadi 5% ya pesa za uhamisho. Familia haimo. Anayetafuta faida atapitia sahihi ya kijana.

Basi tujiulize: goti likivunjika kesho, atabaki mezani?