Kimbunga Ndani ya Rangi 256

Kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu Mafia tarehe 4 Mei 2024, kiasi cha kilomita 300 kusini ya Pemba, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatangaza kwamba nguvu zake zimekwisha. Kabla ya hapo safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesimamishwa. Kwa mvuvi wa Kojani, Pemba, aliyeko dago, yaani kambi ya wavuvi, picha moja ya setilaiti katika siku kama hizo haimfai sana: inamwonesha wingu lilipo, haimwoneshi linakokwenda. Picha hizo hizo zikipangwa kwa mfuatano na kutolewa kama GIF, yaani faili moja la picha zinazotembea, hata asiyewahi kusoma ramani anaiona njia ya kimbunga kwa sekunde tano.

Wapemba wana sababu ya zamani ya kuuliza kimbunga kinapita wapi. Kile cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, kwa sehemu kubwa, imesimama. Tangu hapo Pemba ndiyo shamba kuu la karafuu la Zanzibar.

Malighafi ya GIF ya namna hii iko juu angani, kiasi cha kilomita 36,000. Setilaiti ya Meteosat-9, iliyotulia juu ya Bahari ya Hindi, hupiga picha kila baada ya dakika 15, yaani picha 96 kwa siku. Anayetengeneza GIF hana haja ya zote. Akichukua moja ya kila nusu saa anabaki na fremu 48, na kila fremu ikikaa sehemu 10 za mia za sekunde, siku nzima inapita kwa sekunde 4.8. Vipimo hivyo vya sehemu ya mia havikwepeki; ndivyo GIF inavyohesabu muda. Ukiweka muda ulio chini ya sehemu 2, vivinjari vingi huudharau na kuirudisha fremu kwenye sehemu 10, ndiyo maana GIF iliyokusudiwa kwenda mbio wakati mwingine hutambaa.

Kosa la kwanza la wengi ni kuipunguza picha ili faili liwe jepesi. Katika picha za mionzi ya joto za Meteosat-9, pikseli moja ni kama kilomita tatu. Pemba, yenye urefu wa kilomita 67 hivi, inapata pikseli 22 tu kwa urefu na saba kwa upana. Ipunguze picha kwa nusu, kisiwa kizima kinakuwa doa. Dawa yake ni kukata: mraba wa pikseli 400 kwa 400 unachukua kilomita 1,200 kila upande, unatosha kuanzia Lamu hadi Komoro, na Pemba inabaki na umbo lake. Kabla ya kubanwa, fremu 48 za ukubwa huo ni takriban megabaiti 7.7. Kwa mtu anayenunua bando la siku, huo ni mzigo wa kufikiriwa.

Halafu kuna rangi. GIF ilitolewa na kampuni ya Marekani ya CompuServe mwaka 1987, na kikundi kilichoiunda kiliongozwa na Steve Wilhite. Kila fremu ina jedwali la rangi lisilozidi 256, wakati picha ya kawaida ya simu inaweza kuwa na rangi zaidi ya milioni 16. Hapo ndipo picha za hali ya hewa zinapopata bahati: picha ya mionzi ya joto ni ya kijivu tupu, na vivuli 256 vya kijivu vinaitosha. Ukichora mstari wa pwani kwa manjano umetumia nafasi moja tu ya jedwali, na jicho halioni kilichopungua.

Jaribu hivyo hivyo kwa picha za droni zilizoanza kupigwa Unguja na Pemba mwaka 2016, katika mradi wa ramani walioshiriki wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Maji yanayotoka kwenye weupe wa mchanga kuelekea buluu ya kilindi yana rangi zisizohesabika; ndani ya GIF yanakatika matabaka kama ngazi. Programu inaweza kuficha ngazi hizo kwa kutawanya vitone vya rangi mbili jirani, lakini vitone hulinenepesha faili, kwa sababu ubanaji wa GIF hutegemea mfuatano wa rangi unaojirudia, na vitone vinauvunja.

Kwa GIMP, programu isiyouzwa, kazi yenyewe ni fupi. Picha hufunguliwa kama matabaka, la chini kabisa likiwa fremu ya kwanza. Muda huandikwa kwenye jina la tabaka kwa mabano, mfano (100ms), na fremu ya mwisho ipewe (1500ms) ili mtazamaji apate kuona kimbunga kimefika wapi kabla mzunguko haujaanza upya. Wakati wa kutoa faili, alama ya kuhifadhi kama picha zinazotembea isiposahaulika, mengine yanakwenda. Kujirudia bila kikomo ni nyongeza ya kivinjari cha Netscape cha mwaka 1995. Kabla yake, toleo la GIF la 1989 lilijua muda wa fremu, halikujua kurudi mwanzo.

Saa nayo ina vitimbi vyake. Picha za setilaiti hugongwa muhuri wa saa ya dunia, saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Penye 12:00, Chake Chake ni saa tisa alasiri. Mtu wa Wete akisoma 12:00 anafikiri adhuhuri, au saa kumi na mbili, na kwa vyovyote atakosea. Bora kufuta muhuri na kuandika upya, kwa Kiswahili, kabla fremu hazijaunganishwa.

Faili likishakamilika, njia ya kulituma nayo huamua. WhatsApp huigeuza GIF kuwa video fupi ya MP4 isiyo na sauti na kuibana tena, na mstari mwembamba wa pwani ndio unaoumia kwanza. Anayetaka watu waione ilivyo aitume kama waraka. Anayetaka wengi waione haraka atengeneze MP4 mwenyewe tangu mwanzo, aiwekee mstari mnene zaidi, na aibakize GIF kwa barua pepe na tovuti.