Si Mlima Unaoinyima Garissa Mvua

Ukiuliza kwa nini Garissa ni kavu, wengi watakuonyesha magharibi, uliko Mlima Kenya. Ni somo tulilofunzwa shuleni: upepo hupanda mlima, humwaga mvua upande mmoja, kisha hushuka wa pili ukiwa mkavu na wa moto. Somo lenyewe ni la kweli. Hewa inayopanda hupoa nyuzi 10 hivi kila mita 1,000, lakini wingu likishajitunga, mvuke unaogeuka matone hutoa joto, na hewa hupoa nyuzi 6 tu. Chukua hewa ya nyuzi 28 ipande mita 1,000 bila wingu, kisha 2,000 nyingine ndani ya wingu: kileleni itakuwa nyuzi 6. Ikishuka mita hizo 3,000, ikiwa imeshaiacha mvua nyuma, itapata nyuzi 30 na kufika chini ikiwa na 36. Upepo wa namna hiyo watu wa milima ya Alps huuita Föhn. Kwetu, linganisha migomba ya Chuka, kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, na migunga ya Isiolo, kaskazini mwake.

Tatizo ni kwamba Garissa haiko nyuma ya mlima, iko mbele yake. Upepo wa kusi hutoka baharini na kupita Garissa kabla ya kufika milimani. Basi unyevu wake huenda wapi? Hauendi popote, unapita tu. Mji uko mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka pwani hadi hapo ni tambarare, hakuna cha kuupandisha upepo upoe. Zaidi ya hayo, katika miaka ya 1960 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alichunguza vipimo vya maputo yaliyorushwa katika vituo vya Kenya, Garissa ikiwamo, akabaini mto wa upepo unaopita mita 1,500 hivi juu, wakati mwingine kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, ukielekea Somalia hadi India. Unavyozidi kasi, hewa ya chini hutawanyika, na ya juu hushuka kujaza pengo. Ikishuka hupata joto na kuwa kifuniko kinachozuia mawingu kukua. Ni kanuni ileile ya Föhn, ila bila mteremko. Ndiyo maana msimu wa hagaa, yaani kiangazi cha wakati wa kusi, vijiwingu hupita mbio juu ya mji bila kudondosha kitu.

Atakayesema milima haina hatia naye atakosea. Nyanda za juu ni ukuta unaouzuia upepo kutawanyika magharibi, ukabanwa na kuongeza mbio. Mkondo wake mwingine, uliobanwa kati ya milima ya Kenya na Ethiopia, ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Ziwa Turkana. Lakini mlima hausogei, kwa hiyo hauwezi kueleza kwa nini vuli ya 2019 ilifurika na misimu ya 2020 hadi 2022 ikashindwa mfululizo. Kilichobadilika ni joto la bahari: 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kupita kawaida, na baadaye La Niña ikatawala Pasifiki. Mfugaji anayetaka kujua kama deyr, yaani vuli, itakuja aulize habari za bahari. Mlima, kwa upande wake, huleta maji kwa njia nyingine: Aprili na Mei 2024, Tana iliyojazwa na mvua za nyanda za juu iliimeza barabara ya Mororo, ng'ambo tu ya daraja la Garissa.