Joto la Bahari ya Mbali na Mvua Zetu za Vuli



Mkulima wa Unguja hupanga kazi zake kwa pepo na mvua. Kaskazi na kusi ndizo zilizoyaongoza majahazi kufika Malindi. Mpunga wa Cheju hutegemea masika. Na vuli, kati ya Oktoba na Disemba, mara nyingi huikuta karafuu ingali juu ya majamvi. Yafaa basi tuelewe kwa nini vuli ya mwaka mmoja hufurika na ya mwaka mwingine hukosekana. Sehemu kubwa ya sababu imo baharini, tena mbali na upeo wa macho yetu.

Bahari ya nchi za joto inapopata joto kupita kawaida, mvuke mwingi hupanda. Ukifika juu hupoa, hugeuka mawingu na mvua, na huliachilia joto uliloliteka baharini. Joto hilo huisukuma hewa ya juu. Hewa iliyopanda mahali pamoja hushuka mahali pengine, na inaposhuka huleta ukame. Mzunguko wa namna hii juu ya Pasifiki huitwa Mzunguko wa Walker, kwa jina la Gilbert Walker, Mwingereza aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India tangu 1904. Mwaka 1969 mtaalamu Jacob Bjerknes alieleza jinsi unavyofungamana na joto la bahari.

Pasifiki ya kati na ya mashariki inapozidi joto, hali hiyo huitwa El Niño, jina lililotokana na wavuvi wa Peru. Mwishoni mwa 1997 joto hilo lilipita kawaida kwa zaidi ya digrii 2. Pepo kali za juu, zinazoongoza dhoruba za majira ya baridi, zikahama njia, na Februari 1998 California ikapigwa na dhoruba mfululizo. Indonesia nayo ilikuwa imekumbwa na ukame na moto wa misitu, na Afrika Mashariki ikafurika.

Hata hivyo, si kila El Niño ni gharika kwetu. Bahari ya Hindi nayo ina kauli yake. Upande wetu unapokuwa na joto kuliko upande wa Sumatra, mawingu hujengeka huku. El Niño ya 2015 ilikuwa kubwa, lakini vuli yetu haikufikia ile ya 1997. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu na kawaida, ila Bahari ya Hindi ilielemea upande wetu, na mvua zikazidi. Mwaka 2023 mambo yote mawili yalikutana. Kinyume chake, La Niña ya 2020 hadi 2022 ilileta ukame mkali katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Kwa hiyo kila Katibu anaombwa kuusoma mkutanoni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya vuli. Ukielekeza mvua nyingi, paa la ghala likaguliwe, maturubali yawe tayari, na mitaro ya mabonde isafishwe. Karafuu iliyorowa huvunda na kushuka daraja, na hasara humfika mwanachama mwenyewe. Ukielekeza ukame, mbegu za muda mfupi zitafutwe mapema.

Utabiri si ahadi, ila chama kilichojiandaa hakipotezi kitu mvua ikikawia.