Picha yenye namba: biashara ya chapa za sanaa inavyoonekana kutoka Kavimvira

Orodha ya ushuru wa forodha inayofuatwa karibu dunia nzima ina mafungu mawili ambayo mchoraji wa Uvira angefaa kuyajua kabla hajavuka mpaka wa Kavimvira kwenda Gatumba, Burundi. Fungu 9702 ni la chapa za asili za sanaa. Fungu 4911 ni la picha nyingine zilizochapwa, yakiwemo mabango ya kubandika ukutani. Karatasi mbili zinaweza kuonyesha meza ile ile, samaki wawili aina ya mukeke kwenye sahani, chupa ya mawese na kitenge kilichokunjwa, na bado kila moja ikaingia fungu lake. Kwa sheria ya forodha, chapa ya asili ni ile iliyotoka moja kwa moja kwenye bamba au ubao ulioandaliwa wote kwa mkono wa msanii. Iliyopigwa picha ikatolewa kwa mashine haimo.

Sokoni tofauti hiyo haitoshi. Chapa ya mkono inaweza kurudiwa mara mia, na picha inayopatikana kila kona haina bei. Ndiyo maana biashara hii imejengwa juu ya toleo lenye idadi maalumu. Msanii anatangaza mapema kwamba nakala zitakuwa, tuseme, 20. Ukiitazama karatasi moja kwa karibu, chini ya picha kuna maandishi ya penseli: kushoto 7/20, katikati jina la picha, kulia sahihi. Penseli inapendelewa kwa sababu mashine haiigi kwa urahisi mgandamizo wake kwenye karatasi. Kama ilitumika shaba, pembeni mwa picha kuna mbonyeo wa ukingo wa bamba, na kidole kinausikia. Kando ya hizo 20 msanii hubakiza chache zake mwenyewe, kwa kawaida zisizozidi sehemu moja ya kumi, nazo huandikwa kuwa ni zake. Kisha bamba linakwaruzwa au ubao unakatwa, ili nakala ya 21 isitoke kamwe.

Vitu vya mezani ni mada ya gharama nafuu: havidai malipo ya kukaa mbele ya mchoraji, wala havihitaji safari. Giorgio Morandi wa Bologna, Italia, aliyefariki 1964, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akichora chupa, mitungi na vikopo. Kati ya 1930 na 1956 alifundisha uchongaji wa mabamba ya chapa katika chuo cha sanaa cha mji huo, na chapa zake za chupa, zilizotolewa kwa idadi ndogo, zinagombewa minadani hadi leo. Chupa ni za kawaida; mnunuzi analipia mkono ulioziona na uhakika kwamba nakala haziongezeki.

Uhakika huo ukivunjika, soko huanguka nao. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha lori dogo lililotoka Andorra. Ndani mlikuwa na karatasi tupu 40,000, kila moja ikiwa na sahihi ya Salvador Dalí. Karatasi iliyosainiwa kabla ya kuchapwa inaweza kubeba picha yoyote, ya mtu yeyote. Tangu hapo chapa za Dalí zinanunuliwa kwa wasiwasi, na hata zile halali zinabeba mzigo wa zile za shaka.

Katika ukanda wetu njia kadhaa zimeshajaribiwa. Uganda, Fred Mutebi, aliyesoma Makerere, anachapa kwa ubao mmoja unaopunguzwa hatua kwa hatua: anachonga, anachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, anachonga tena, anachapa ya pili, na kuendelea. Rangi ya mwisho ikishapita, ubao umekwisha kuliwa. Hakuna anayeweza kurudi nyuma kuongeza nakala, na ufundi wenyewe unakuwa mdhamini wa idadi. Kutoka Lubumbashi, Sammy Baloji amefika kwenye makumbusho makubwa kwa picha za kamera zinazouzwa pia kwa idadi maalumu, zikiwemo zile za mfululizo wake kuhusu migodi ya Katanga. Nairobi, Circle Art ilianza mwaka 2013 kuendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki, na mnada una faida moja kubwa: bei inatajwa hadharani.

Mazoea ya soko la Congo, hata hivyo, yamekwenda upande mwingine. Picha za Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, zilizopamba sebule za mijini miaka ya 1970 zilirudiwa kwa mkono kila mteja alipoagiza, bila namba na bila kikomo. Dar es Salaam, mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, umefuata njia hiyo hiyo. Ni biashara halali na imelisha familia nyingi. Lakini mchoraji analipwa kwa kazi ya siku tu, na picha aliyouza haipandi thamani kwa sababu kesho itatoka nyingine kama hiyo.

Tupige hesabu ya mfano. Mchoraji anauza turubai moja kwa dola 200, na imekwisha. Akitoa chapa 20, kumi za kwanza kwa dola 30, tano kwa 45 na tano za mwisho kwa 60, jumla ni dola 825. Bei hupanda kadiri nakala zinavyopungua. Huo ndio utaratibu wa biashara hii. Toa dola 125 za karatasi ya pamba, wino na ubao, anabaki na 700 akiuza mwenyewe. Nyumba ya sanaa ikichukua nusu ya mauzo, kama ilivyo kawaida kwingi, bado anabaki na zaidi ya 280. Na kwa dola 30, mwalimu au mfanyabiashara wa kitenge naye anaweza kuwa mnunuzi.

Vikwazo vipo. Wateja waliozoeleka wa sanaa mashariki mwa Congo, yaani wafanyakazi wa mashirika na wa Umoja wa Mataifa, wamepungua: MONUSCO, ujumbe wa Umoja huo, iliondoka Kivu Kusini Juni 2024, Goma na Bukavu zikaangukia mikononi mwa waasi wa M23 mapema 2025, na Desemba mwaka huo waasi hao wakaingia Uvira, mpaka wa Kavimvira ukafungwa. Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini uanachama hauvushi mzigo mpaka uliofungwa. Hata ukiwa wazi, amri ya Machi 2002 inaruhusu huduma nne tu za serikali mpakani, nazo ni uhamiaji, forodha, ukaguzi wa bidhaa (OCC) na afya. Mwenye bahasha ya picha aikumbuke amri hiyo akiombwa pesa na huduma ya tano. Maji nayo ni adui wa karatasi: mafuriko ya Aprili 2020 yaliingia majumbani Uvira, kwa hiyo chapa zihifadhiwe juu, ndani ya plastiki, mbali na sakafu.

Soko linalobaki wazi ni la ndugu walio Marekani, Kanada na Ulaya. Chapa inaviringishwa ndani ya bomba la karatasi, malipo yanaingia kwenye simu, na picha ya samaki wa Tanganyika ina maana kwao kuliko kwa mgeni. Mteja wa mbali hawezi kuja kuhesabu nakala, kwa hiyo mtaji wa kwanza wa mchoraji ni daftari: namba ya kila nakala, tarehe, mnunuzi, bei. Ubao ukatwe mbele ya mashahidi na upigwe picha. Aliyeahidi 20 asichape 25 kwa sababu soko limechangamka. Hizo tano zitamgharimu wateja wa toleo lijalo.

Mnunuzi naye aulize mambo matatu kabla ya kutoa pesa: nakala ni ngapi kwa jumla, zimechapwa kwa njia gani, na ubao uko wapi sasa. Akikosa jibu hata kwa moja, alipe bei ya pambo la ukutani, si bei ya sanaa.