Wembe Uliochomekwa Ukutani Bado Haujatupwa

Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo, chembamba kuliko kadi ya kliniki ya mtoto, ambacho karibu kila nyumba inacho. Ni wembe. Sisemi ule mpya ulio ndani ya karatasi yake. Nasema ule uliokwisha kazi.

Mama, hebu inua macho. Kama unaishi katika nyumba ya zamani ya udongo, au huwapeleka watoto kwa nyanya yao wakati wa likizo, tazama juu ya mlango pale nyasi au makuti yanapokutana na ukuta. Tazama juu ya dirisha, kisha kwenye ufa ulio karibu na kitanda. Mara nyingi utaona wembe umechomekwa hapo, na nyuma yake mwingine wenye kutu. Wazee hawakufanya hivyo kwa uzembe. Wembe mmoja ulikuwa wa nyumba nzima: ulinyoa watoto, ulikata kucha, ulifumua mishono, ulichonga penseli. Ilibidi ukae juu, watoto wasiufikie. Shida ni kwamba ulipokuwa butu hakuna aliyeuondoa. Mwingine ulinunuliwa, ukachomekwa kando yake.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, nyumba nyingi zilizojengwa katikati ya karne ya 20 zilikuwa na kijitundu ndani ya kabati ya bafuni. Mtu alitumbukiza wembe hapo ukaanguka katikati ya kuta, na wanaozibomoa kuta hizo leo hukuta rundo la nyembe. Lakini kuta zile hazikandikwi kwa mikono. Zetu hukandikwa, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Ukuta wa udongo hautulii. Mvua huulowesha, jua huupasua, vipande humeguka. Wembe ulioingia katika ufa miaka 10 iliyopita huanguka pamoja na udongo mpaka sakafuni, anapotambaa mtoto, au hufunikwa na tabaka jipya. Siku ya kukandika wewe unachanganya udongo, maji na kinyesi cha ng'ombe, unapaka kwa mikono mitupu, na kiganja chako kinapita juu ya ufa ule. Mkato wa wembe mara nyingi hausikiki pale pale. Unaona damu ndipo unajua, na kidonda kimekwisha kuingia udongo na kinyesi.

Watu wengi huamini kwamba kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Si kutu. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, na vinaweza kukaa humo miaka mingi. Hustawi mahali pasipo na hewa, kwa hiyo kidonda chembamba kilichozama huvifaa sana. Wembe unaong'aa uliogusa udongo ni hatari kama ule wenye kutu. Ugonjwa ukishika, taya hukaza, misuli hukakamaa, na mgonjwa anaweza kufa hata akiwa hospitalini.

Kinga ipo. Mtoto huipata ndani ya sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na mama mjamzito hupewa yake kliniki. Lakini nguvu ya chanjo hupungua kadiri miaka inavyopita, na nyanya anayekandika nyumba yake huenda hakuipata kamwe. Ukimpeleka kupimwa presha, mwulize muuguzi pia juu ya chanjo hii.

Sasa tuziondoe. Fanya kazi hii mchana, watoto wakiwa mbali, umevaa viatu vilivyofunika vidole. Usipapase ufa kwa kidole. Tumia koleo au kijiti kigumu. Na tafadhali, usianze kung'oa nyembe za mama mkwe bila kumwambia. Mpelekee pakiti mpya kwanza, mzungumze, kisha mtafute pamoja. Yeye ndiye anayejua zilichomekwa wapi.

Zikishatoka utazitupa wapi? Wengi huzitupa katika shimo la takataka na kuwasha moto. Moto wa takataka hauyeyushi chuma. Wembe hubaki ndani ya jivu, jivu huchotwa kwenda kwenye sukuma wiki, na mwenye kupalilia ndiye anayeukuta. Ukitupwa nje kwenye majani, ng'ombe anaweza kuumeza pamoja na malisho.

Chukua mkebe wa bati wenye kifuniko, kama wa kakao au maziwa ya unga. Toboa mwanya mwembamba juu yake, wembe upite lakini kidole cha mtoto kisipite. Funga kifuniko kwa gundi au utepe, kisha uuning'inize juu, mbali na kitanda na kiti cha kupandia. Kuanzia siku hiyo wembe ukiisha kazi unaingia humo moja kwa moja. Ukifika robo tatu, ziba mwanya na uulize kituo cha afya kilicho karibu kama watakupokelea, kwa maana vituo vingi vina utaratibu wa kuharibu sindano na vitu vyenye makali. Wasipopokea, choo cha shimo kirefu kisichochotwa kinafaa. Katika ploti za mjini, ambako watu huingia kuchota choo kwa ndoo, usitumbukize humo. Huyo naye ana mikono.

Mtu akikatwa, osha kidonda kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kisha ukandamize kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufungua fungua kuchungulia. Usitie mafuta ya taa, jivu, kahawa wala dawa ya meno. Nenda kituo cha afya kama damu haikomi, kidonda kimezama, kidole hakikunji au kimekufa ganzi, au kama kimeingia udongo na hukumbuki sindano ya mwisho.

Ikiwa wembe ulikuwa na damu ya mtu mwingine, usingoje. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili hata siku 7. Cha ukimwi hufifia upesi damu inapokauka, lakini kama damu ilikuwa mbichi zipo dawa za kuzuia maambukizi. Huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Kwa sababu hiyo hiyo, kila anayenyolewa apewe wembe wake, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Na mtoto akimeza kipande cha wembe, usimtapishe, wala usimpe ugali au ndizi ukitumaini kwamba chakula kitakisukuma. Usimpe chochote kinywani. Mbebe hospitali mara moja, na kama kuna kipande kilichobaki, kifunge ndani ya karatasi nene uende nacho ili daktari aone ukubwa wake.