KIROBA CHA UFUTA KISIGUSE TAIRI

Ufuta ni mbegu ndogo sana. Tundu lenye ukubwa wa punje ya mahindi linatosha kumwaga kilo nyingi kabla mwenye mali hajageuka nyuma. Wakulima wa Kilwa na Lindi wanalijua jambo hili. Mvua za masika zikiisha na ufuta ukishapurwa, baiskeli hutoka mashambani zikiwa na viroba viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia. Zikifika kwenye ghala la chama cha msingi, baadhi ya viroba vimetoboka. Panya hahusiki hapo. Viroba hivyo vimetobolewa na tairi.

Siku hizi pikipiki ni nyingi, hata vijijini. Lakini pikipiki inataka mafuta, na mwenye pikipiki anataka nauli. Mkulima mwenye viroba sita au vinane bado anasukuma baiskeli yake. Kwa hiyo tuzungumze juu ya baiskeli, na hasa juu ya kitu kimoja kidogo: kizuizi cha kuweka kati ya mzigo na gurudumu la nyuma.

TAIRI LINATOBOAJE KIROBA?

Tazama baiskeli yako. Baiskeli nyingi za huku kwetu ni zile za magurudumu ya inchi 28, kama Phoenix. Keria yake ni nyembamba. Upana wake haufiki shubiri moja. Keria hiyo inashikwa na miguu myembamba ya chuma inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Mbele ya miguu hiyo na nyuma yake kuna nafasi tupu. Hapo ndipo kiroba kinapoingia.

Kiroba kikitundikwa pembeni hakikai wima kama ubao. Mbegu hushuka chini, tumbo la kiroba hutuna, na upande mmoja wa tumbo hilo huelekea ndani. Njia ikiwa tambarare kiroba hutulia. Baiskeli ikipita juu ya mzizi au ndani ya shimo, kiroba hucheza. Hugonga tairi, hurudi, hugonga tena. Viroba hivi hufumwa kwa nyuzi za plastiki. Plastiki ikisuguliwa na mpira unaozunguka hupata moto na kulainika. Nyuzi mbili tatu zikikatika, ufuta unaanza kutoka.

Spoki ni hatari zaidi. Pembe ya kiroba au ncha ya kamba ikiingia kwenye spoki, gurudumu husimama ghafla. Ukiwa unasukuma, baiskeli itaanguka tu. Ukiwa umepanda, tena kwenye mteremko, utaanguka wewe pamoja na mzigo. Watu wamevunjika mikono kwa namna hii.

Msimu mmoja nilimkuta mama mmoja na mwanawe kwenye njia ya mchanga iendayo Nangurukuru. Walikuwa wamechuchumaa wakizoa ufuta kwa kipande cha kibuyu. Mstari wa ufuta ulianza mbali, kama mstari wa siafu. Nyingi ya mbegu hizo hawakuzipata. Na hizo walizozipata zilikuwa zimechanganyika na mchanga. Ufuta wenye mchanga ni kazi kubwa. Kwenye ungo makapi huruka, lakini mchanga ni mzito, haupeperuki. Inabidi kutumia chekeche lenye matundu madogo. Na ghalani ufuta mchafu unakataliwa au unarudishwa ukasafishwe.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme zimemwagika kilo 4 njiani. Tuseme siku hiyo bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo. Zidisha 4 kwa 3,000. Jibu ni shilingi 12,000. Hiyo ni safari moja tu. Katika mpango wa stakabadhi ghalani, karani huandika kilo zilizofika kwenye mizani. Kilo ulizovuna hazimhusu.

KIZUIZI CHA FITO

Kizuizi cha bei nafuu kuliko vyote ni cha fito. Chagua fito nene za kujengea nyumba, unene wa kidole gumba au kuzidi kidogo. Kwa kila upande wa gurudumu unahitaji vipande vinne. Viwili viwe virefu, kama dhiraa moja kila kimoja. Viwili viwe vifupi, vya kutoka kwenye keria mpaka karibu na ekseli. Vifunge pamoja viwe kama kingo za kitanda kidogo. Kisha katikati ongeza fito moja au mbili za kulala, ili tumbo la kiroba lisipate pa kupenya.

Fito ya juu ifungwe kwenye ukingo wa keria, mahali pawili. Fito ya chini ifungwe kwenye miguu ya keria, juu kidogo ya ekseli. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Wanafunga juu tu, chini wanaacha wazi. Kizuizi kilichofungwa juu tu ni kama mlango usio na komeo. Mzigo unakisukuma nacho kinaingia kwenye spoki. Ni afadhali usiwe na kizuizi kabisa kuliko kuwa na hicho.

Tumia fito kavu. Fito mbichi husinyaa ikikauka, na kamba uliyoikaza leo italegea wiki ijayo. Toa maganda yote, maana ganda huteleza.

Watu hupenda miti ya mikoko kwa sababu imenyooka na ni migumu. Lakini mikoko ya pwani yetu inalindwa na serikali, na kuikata kunataka kibali. Tangu mwaka 2004 pwani ya Rufiji, Mafia na Kilwa imo katika orodha ya maeneo ya majimaji yanayohifadhiwa kwa mkataba wa nchi nyingi. Usiingie matatani kwa sababu ya fito nane. Matawi ya mkorosho uliopogolewa nayo hayafai, maana hukatika upesi. Na mpingo tuuache. Mti unaotengenezewa zumari za Ulaya usiishie kwenye keria ya baiskeli.

KIZUIZI CHA MWANZI

Mimi nikiulizwa, nasema mwanzi. Ni mwepesi, ni mgumu, na uso wake laini hausugui kiroba. Mwaka 1954 huko Vietnam wapiganaji waliwashinda Wafaransa katika vita vya Dien Bien Phu. Chakula na risasi zao nyingi zilibebwa kwa baiskeli. Hawakuzipanda. Walifunga mwanzi kwenye usukani na mwingine nyuma ya kiti, wakasukuma kwa miguu kupita milimani. Baiskeli moja iliweza kubeba kilo 200 na zaidi. Sisi viroba vyetu viwili ni mzigo mdogo mbele ya huo.

Mwanzi una masharti yake. Ukiupiga msumari utapasuka. Ufunge tu. Ukate mbele kidogo ya fundo, ili kila ncha iishie na fundo. Ncha isiyo na fundo hupondeka. Tena mwanzi una utamu ndani yake, na dumuzi wanaupenda. Kabla ya kuutumia uloweke majini wiki kadhaa, kisha uukaushe kivulini. Utamu ukitoka, dumuzi hawauharibu upesi.

KIZUIZI CHA CHUMA

Mwenye kubeba mzigo kila siku, mwaka mzima, atafute chuma. Ninawafikiria wachuuzi wa samaki wa Kilwa Kivinje na Somanga, na wanaouza maji kwa madumu. Maji ya samaki yanaozesha kamba na fito. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji, na ubavu wake ni mgumu. Likigonga spoki, spoki inapinda.

Mwambie fundi wa kuchomelea atumie nondo ya milimita 8. Mita moja ya nondo hiyo ina uzito wa gramu 400 hivi. Kizuizi cha pande mbili kikichukua mita 4, umeongeza kilo moja na nusu tu kwenye baiskeli. Nondo nene zaidi ni kujitwisha chuma bure.

Fundi asichomelee kizuizi kwenye fremu. Mabomba ya fremu ni membamba, na moto mkali huyadhoofisha. Kizuizi kishikwe kwa bolti na nati, ili ukitaka uweze kukitoa. Ncha zote zikunjwe au zisuguliwe kwa tupa zisikwaruze. Kisha kipakwe rangi, hasa kwenye viungo. Upepo wa chumvi wa huku pwani huanza kula chuma kwenye viungo vilivyochomelewa.

Mkulima wa safari nane kwa msimu hana sababu ya kulipia kizuizi cha chuma. Fedha hiyo inunue viroba vipya.

KAMBA GANI?

Kamba ya katani hukaza ikilowa na hulegea ikikauka. Asubuhi yenye umande unaifunga ikiwa imekaza, saa sita imelegea. Kamba ya usumba inashika vizuri kwa sababu ni ya kukwaruza, lakini huisha upesi. Bora kuliko zote kwa kufungia kizuizi ni vipande vya tyubu kuukuu ya pikipiki. Vikate vyembamba, virefu, uvivute kwa nguvu unapozungusha. Mpira huo huo uzungushie pia kwenye nondo zinazogusa kiroba.

Lakini mpira usiutumie peke yake kutundikia viroba. Mpira hunyumbuka. Kiroba kitashuka kidogo kidogo mpaka kifike chini. Viroba vitundikwe kwa kamba isiyonyumbuka, na mpira uje juu yake kuvibana.

NAMNA YA KUPAKIA

Pima viroba vyote viwili viwe na uzito sawa. Tofauti ya kilo 5 utaisikia mkononi njia nzima. Uzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukikaa nyuma sana, gurudumu la mbele hunyanyuka na usukani haushiki njia. Ukikaa mbele sana, kisigino chako hugonga kiroba kila unapokanyaga pedali. Panda, zungusha pedali mara moja, uone kama kisigino kinapita.

Sasa jaribu kabla hujaondoka. Mtu mmoja ainue nyuma ya baiskeli ikiwa na mzigo. Mwingine azungushe gurudumu na kusikiliza. Usisikie mkwaruzo wowote. Kisha sukuma kiroba kwa ndani kwa mkono wako wote. Kati ya kizuizi na tairi vidole viwili lazima vipite hata wakati unaposukuma. Visipopita, fungua ufunge upya.

Ukiwa na viroba viwili vilivyojaa, breki za baiskeli hazitoshi kwenye miteremko. Wenzetu wa milima ya Umatumbi wanajua. Hushuka, wakaishika baiskeli, wakatembea nayo.

Njiani simama kila baada ya mwendo kidogo, ukague mafundo. Kagua pia nati zinazoshika miguu ya keria. Keria nyingi nilizoziona vijijini zimepotelewa na nati moja, na mahali pake pamefungwa waya. Waya huo ukikatika, keria inalalia tairi pamoja na kizuizi chake. Nati moja haina bei kubwa. Nunua mbili, moja uitie mfukoni.

Msimu ukiisha, fungua kizuizi cha fito au mwanzi ukitundike juu ya meko. Moshi utafukuza dumuzi. Usikiegemeze ukutani kikigusa ardhi, maana mchwa watakifikia kabla ya korosho kuanza kuanguka.