Tone la Ute Kutoka Kwenye Kongosho

Mtu anapelekwa CT scan kwa ajili ya mawe ya figo. Majibu yanarudi na mstari ambao hakuutarajia: kwenye kongosho kumeonekana kifuko cha majimaji. Pengine hajui hata kongosho liko wapi. Limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, likitengeneza insulini na maji ya kusaga chakula.

Vifuko hivi huongezeka kadiri umri unavyosogea, na vingi haviji kumdhuru mtu. Vichache, hata hivyo, vimeshika njia ya saratani, na saratani ya kongosho mara nyingi ikianza kuuma huwa imekwisha kusambaa. Kukikata kifuko nako si jambo dogo. Kikiwa kwenye kichwa cha kongosho, daktari huondoa kichwa hicho pamoja na kifuko cha nyongo na kipande cha utumbo. Kumfanyia mtu hayo yote kwa kifuko kisicho na madhara ni kumuumiza bure.

Kwa hiyo madaktari waliamua kuyauliza majimaji yenyewe. Mpira mwembamba wenye ultrasaundi kwenye ncha hupitishwa mdomoni hadi tumboni, kisha sindano hutoboa ukuta na kuvuta majimaji ya kifuko. Tone lake likiwekwa kati ya vidole viwili vyenye glavu, wakati mwingine huvutika kama mlenda. Hapo daktari huanza kushuku kuwa ni kifuko cha ute, na vifuko vya aina hiyo ndivyo vya kuangaliwa. Majimaji mepesi huelekea upande wa heri.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, akiwemo Bert Vogelstein, walipima vinasaba vya vifuko 132 vya ute vinavyoota ndani ya mirija ya kongosho. Zaidi ya asilimia 96 vilikuwa na kosa kwenye jeni ya KRAS, au GNAS, au zote mbili.

GNAS inastahili kutazamwa kwa karibu. Protini yake ni swichi: huwashwa, hufanya kazi, kisha hujizima. Herufi moja ya kinasaba ikikosewa, kiungo cha 201 cha protini hiyo hubadilika, na swichi haizimiki tena. Sumu ya kipindupindu hushika protini hiyohiyo, kwenye kiungo hichohicho, ndiyo maana utumbo wa mgonjwa humwaga maji bila kukoma. Lakini ukuta wa utumbo hujitengeneza upya kwa siku chache, na sumu huondoka na seli zilizokufa. Kwenye kongosho kosa limeandikwa ndani ya vinasaba, na kila seli inapogawanyika humrithisha mwanawe.

KRAS na GNAS pekee hazithibitishi saratani. Hatari hupanda pale makosa ya jeni za TP53 au SMAD4 yanapoongezeka juu yake. Kosa la jeni ya VHL, kinyume chake, ni alama ya vifuko vya majimaji mepesi, ambavyo ni nadra mno kugeuka saratani.

Mwaka 2019 kipimo kilichounganisha jeni, picha na dalili kilijaribiwa kwa wagonjwa 862 ambao walikuwa wamekwisha kupasuliwa. Zaidi ya nusu ya waliopasuliwa bila ulazima wangeepushwa kisu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida kubwa ya elimu hii: inamwambia daktari lini aweke kisu chini.

Ukiambiwa una kifuko kwenye kongosho, usikimbilie kisu wala usikidharau. Muulize daktari: kina ute au majimaji mepesi? Mrija mkuu umepanuka, na kama umepanuka, umefika milimita 10? Ndani ya kifuko kuna kinundu? Kisha zitunze picha zako za leo, kwa sababu mwakani atahitaji kuzilinganisha na mpya.